Kitambaa cha Clim

Jumatano, 8 Oktoba 2025

Wanakuja! Jumamosi wazazi wa Rodrigue wanakuja kujitambulisha kwetu. Nimecheka peke yangu jikoni mpaka Mama akauliza kama nina homa.

Joto la Oktoba halina adabu. Mama akataka clim, ile mashine ya kupoza hewa ya salon, ijaribiwe. Tangu baridi ya Mei imelala chini ya kitambaa cha krosheti. Kwetu kila kitu kina kitambaa alichofuma Mama — televisheni, friji, mpaka redio iliyokufa. Tukaiwasha. Mungu wangu! Harufu ya soksi zilizosahaulika kwenye ndoo. Papa akapiga chafya, akatoka nje.

Rodrigue kwenye simu: "Honorine, unajua mama yangu iko na asthme."

Najua! Pumu ikimbana kwetu siku ya kwanza, watu wake watasema ni ishara mbaya, na ndoa yangu itaishia hapo.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mama amepuliza parfum ndani ya clim. Sasa ni soksi zinazokwenda misa.

Nikakata umeme, nikapanda kiti changu cha chumbani — ndicho pekee kisichoyumba — nikafungua. Kuvu! Nyeusi tititi, imetambaa mpaka kwenye feni ya ndani. Vichujio nimeviosha kwa sabuni, lakini kule ndani mkono haufiki. Papa anasema tufungue madirisha tu. Mama akawaka: "Bageni batoke jasho mu salon yangu? Hapana kabisa!"

Nimempigia Anaclet, fundi wa clim wa mtaa wa Kamalondo.

Ijumaa, 10 Oktoba

Anaclet amekuja na pampu, ameosha mpaka ndani. Maji yaliyotoka — kahawa ya matanga! Mama akashika kichwa.

"Mama, ile kitambaa ndiyo mubaya," Anaclet akamwambia. "Maji ilibakia mu ndani, haikukauka. Usiifunike tena."

Mama alikifuma msimu mzima wa mvua. Jioni alikikunja taratibu, akakiweka kabatini. Nilimhurumia. Lakini hewa ni safi! Nimecheza mbele ya clim kama mwehu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Wapo salon! Nimetoroka kidogo chumbani, nimesingizia glasi. Mama Kahambu, mama yake Rodrigue, amekaa chini kabisa ya clim, hakohoi hata kidogo. "Hapa kwenu hewa iko muzuri sana!" Nilitaka kuruka!

Kisha akafungua mfuko wake. Zawadi kwa Mama yangu, ameifuma mwenyewe tangu Rodrigue amwambie tuna clim. Kitambaa cha krosheti. Cheupe, maua pembeni, kipimo kile kile!

Mama akanitazama mimi. Papa akatazama dari. Zawadi ya mkwe, siku ya kwanza — nani atasema hapana? Nami nikakimbilia glasi.

Clim imezimwa, nimesikia. Sasa Mama Kahambu mwenyewe ananiita:

"Mutoto yangu! Leta kiti, nipande, tuivalishe!"

Mtoto wake! Ameniita mtoto wake!

Na kiti ndicho hiki nilichokalia —