Bubu wa Hema Letu

Jumamosi, 11 Januari 2025

Alyaa kaja na habari. Wikendi ijayo tunakwenda Bidiya, jangwani, kambi ya mambo ya kale. Kila familia itakaa hemani kama walivyokaa watu wa Ibra, mji wetu huu, miaka mia nyuma — hapana simu, hapana plastiki, hapana gesi — na wageni watapita kututazama. Mimi nitakuwa bibi mwenye hema. Nitakaribisha watu kwa kahawa na kuwasimulia vipi babu yangu aliondoka Ibra kwenda Unguja. "Nani mwengine anayeijua hadithi hiyo, mama?" kasema. Binti yangu huyu aghalabu ananionea haya mbele za watu. Leo nimefurahi hata nimesahau dawa ya presha.

Jumatatu, 13 Januari

Kutwa niko mbele ya kioo, najifunza maneno yangu kwa Kiarabu. Mimi mzaliwa wa Malindi, Unguja; Kiarabu nimekipata ukubwani na inajulikana mara moja. Wasan, mjukuu wangu, ananisahihisha. Anacheka, nami nacheka. Jioni nimewaonyesha kukaanga buni na kuitwanga. Marhun, mkwe wangu, anauliza kama chaja ya simu inahesabiwa plastiki.

Jumatano, 15 Januari

Leo tumefanya jaribio uani, majirani wamekuja kutazama. Alyaa anatutambulisha: huyu baba wa nyumba, huyu binti. Kafika kwangu. Kasema huyu bibi yetu, Mwenyezi Mungu hakumjaalia sauti.

Nimefungua mdomo niwakaribishe watu — kanibana bega. Majirani wanaonijua wakatazama chini. Na babu yangu kafutwa kabisa. Katika hadithi ya Alyaa, ukoo wetu haujapata kutoka Ibra hata siku moja.

Walipoondoka nikamuuliza, imekuwaje? Kasema Ijumaa watakuja watu wa Nizwa, familia ya kijana Laith, wanaomposea Wasan. "Watu wa asili hao, mama. Wallahi ukisema neno moja tu watajua sisi tumerudi kutoka Unguja, si wa asili kama wao. Subiri ndoa ifungwe, halafu sema utakavyo."

Nikamgeukia Wasan. Ulijua? Kainamisha kichwa. Kwa hiyo siku zote hizi ananisahihisha maneno ambayo anajua sitayasema! Hilo limeniuma kuliko la mama yake.

Alhamisi, 16 Januari

Nimesema siendi. Marhun kanisihi — nikikosekana, wageni watauliza bibi yuko wapi. Kumbe nahitajika. Uso tu, bila ya ulimi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimembembeleza Alyaa kwa Kiswahili, kaota meno kwa Kiswahili, mpaka leo akijikwaa analia "mama wee". Nina hasira naye na nampenda, na vyote viwili vinanichosha.

Nitakwenda, kwa ajili ya Wasan. Hastahili, lakini nitakwenda.

Ijumaa, 17 Januari, Bidiya

Naandika nyuma ya pazia, ndani ya hema.

Watu wa Nizwa wamefika baada ya sala ya Ijumaa. Mama yake Laith anazungumza kwa niaba ya wote. Bibi yake Laith hajatoa neno tangu ashuke garini. Kakaa, kanywa kahawa, katikisa kikombe kuwa imetosha, basi. Nikasema moyoni, ndio hao watu wa asili, kiburi kimewajaa. Alyaa kawaeleza ububu wangu vizuri hata mwenyewe nikajionea huruma.

Wakaenda kutazama ngamia. Tukabaki sisi wawili mkekani, mimi na yule bibi. Kachungulia mlangoni, kaniinamia, kasema kwa Kiswahili cha Unguja kabisa: "Shikamoo, dada. Hata mie nimekatazwa kusema."

Nikataka kuitikia — mara Alyaa kaingia na birika la kahawa. Mimi huyo, nyuma ya pazia, machozi yananitoka. Kwa nini nimekimbia? Maisha yangu sijapata kuiacha shikamoo ya mtu bila ya marahaba, hata ya mtu niliyegombana naye.

Alyaa kanifuata. Kasikia yote. Nilidhani atacheka, kwani hofu yake sasa ya nini? Hakucheka. Ananong'ona: "Usimjibu, mama. Ukimjibu, mama yake Laith ataumbuka, nami nitaumbuka, na ndoa haipo tena. Wao wamenyamaza, na sisi tunyamaze. Khalas, yameisha."

Huko nje yule bibi anauliza, polepole, "Dada, nimekukosea?"

Alyaa kasimama mbele ya pazia. Nimemwambia, nipishe mwanangu.

Hajanipisha.