Nani Atakata Upande Wetu wa Lupango

Mujukuu wangu Zuhura,

Salamu zikukute huko Kisangani na afya. Hapa Alunguli tunapumua tu. Shangazi yako amezaa mutoto mwanaume, Mungu amukuze.

Unaniuliza sababu gani ninaacha lupango, ule ua wa miti kati yetu na jirani, inafunika dirisha, na panga iko nyumbani.

Nilipokuwa binti, siku moja nilianza kuikata upande wetu. Mama akaninyang'anya panga. "Unataka kutugombanisha na watu?" Ile miti aliipanda pamoja na jirani yetu, Muzee Ramazani, na wakapatana: yeye akate upande wetu, sisi tukate upande wake. Basi kila mvua ikiisha muzee alipiga hodi, akakata, akakunywa chai, hata mwaka ule hawakusalimiana barabarani. Hakuna aliyekata vibaya, maana mwenzake naye alishika panga upande wake. Ile mapatano njo iliyolinda miti, mujukuu wangu, kuliko miiba yake.

Muzee alikufa. Watoto wake walikwenda kule Kama kuchimba dhahabu, hawakurudi. Na sasa wakubwa wanasema lupango za miti ni uchafu; salongo ijayo, ile siku ya kazi ya wote, kila muntu atoke kuzing'oa.

Jana niliingia kwa muzee, nikakata upande wake vizuri, kama mama alivyonifundisha. Kisha nikarudi kwangu, nikakaa katika giza la dirisha lile, nikisikiliza kama kuna muntu atapiga hodi.

Nkambo wako, mama ya baba yako