Mke wa Mutiso Hulia kwa Simu

Mpendwa Mama Wanjiru,

Keti kwanza, weka hiyo sufuria chini. Natangaza rasmi kwamba wiki hii mume wako amepimwa pombe bila kuonja hata tone. Huku Kitengela tuko wazima, ni vumbi tu linatumaliza. Nyinyi huko Nyeri je? Mgongo wa mama unaendeleaje? Ng'ombe amezaa?

Ilikuwa hivi. Wauguzi walitoka Kajiado wakaja hapa kwa mjengo tunakofanya kazi, wakatuhoji mafundi mmoja mmoja, wajue ni nani pombe inaelekea kumdhuru. Sista mmoja wao akaniuliza, "Baba, ukikaa kunywa, unamaliza glasi ngapi?" Nikacheka. Sisi tunanunua jagi la keg, ile bia ya pipa, kikombe kimoja kinazunguka. Nani anahesabu?

"Basi nyote mnakunywa zaidi kuliko mnavyodhani," akasema. "Na je, kuna mtu wa familia ana wasiwasi juu ya kunywa kwako?"

Mutiso, fundi ninayeishi naye, alikuwa ametoka kuulizwa hilo hilo, na alijibu mpaka walio juu ya jengo wakasikia: "Wasiwasi? Bibi yangu hulia kwa simu! Kwaya nzima inaniombea!" Akatoka kifua mbele kama fahali aliyepata bei nzuri mnadani. Mama Wanjiru, nilimwonea wivu. Mlevi yule, analala na gambuti miguuni, ana mtu wa kumlilia! Wewe huniuliza tu kama nimekula.

Nikadanganya. "Mke wangu hapati usingizi."

"Husema nini?"

Nikatafuta maneno yako, nikakosa hata moja. Sista akaweka kalamu chini.

Msalimie mama sana. Na ndugu yangu Kariuki, mwambie ua ni wa kurekebishwa, si wa kuegemewa.

Sasa ukweli. Hujawahi kulia kwa sababu hujui ninavyokunywa. Mimi hukupigia asubuhi, nimenawa uso, sauti safi. Jioni huzima simu kabla kikombe hakijanifikia. Mutiso hupokea simu ya mkewe hata akiwa amelewa chakari. Hayo ndiyo niliyomwambia sista mwishowe. Akasema niende kliniki, na nikuambie mwenyewe. Nimeshika simu mara nyingi, nikaiogopa sauti yako. Ndiyo maana nimeandika.

Mume wako,
Baba Wanjiru