Samaki Amepona, Mimi Ndiye Ninayeumwa

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijafanya jambo la kijinga, maana nimeshaanza.

Mimi ni fundi cherehani, mjane, nina binti mmoja ambaye alipopata kazi mbali aliniachia tangi la kioo lenye samaki mmoja wa dhahabu, nikaliweka kando ya cherehani, na kwa jinsi samaki mwenyewe alivyo na kitambi na anavyogeuka polepole kama anayengoja kupigiwa saluti, wateja wakampachika jina la Mheshimiwa. Siku moja nikaona mkia wake umechanikachanika, ncha zimekuwa nyeupe kama kitambaa kilichofumuka pindo, na mimi pindo lililofumuka silivumilii, nikampiga picha kwa simu nikaenda kwa mwenye duka la samaki mtaa wa pili, mtu mzima, mgane, mpole, akaitazama ile picha bila haraka.

"Hajalogwa huyu," akasema. "Maji yamechafuka, halafu kuna kitu kinamchana."

Kweli, lilikuwa ua la plastiki nililotia mwenyewe kwa urembo. Nikalitoa, nikafuata maelekezo yake, mkia ukaanza kuota upya, nikarudi kumshukuru, kisha nikarudi tena kuulizia kidoa kwenye ngozi, kumbe ni mwanga wa dirisha, kisha nikarudi kuuliza kama samaki hupiga chafya, tukacheka mpaka machozi. Binti yangu ananiuliza kwenye simu, "Mama, mbona huyo samaki anaumwa Jumamosi tu?" Nikamwambia ndiyo siku ninayopata nafasi. Akaguna.

Majuzi yule bwana akaja mwenyewe kwangu na ndoo ya maji, akamtazama Mheshimiwa, akasema, "Fundi, huyu ni mzima kuliko mimi na wewe." Lakini hakuondoka, akawa anachezea vifungo mezani, akauliza bei ya kufupisha suruali, na suruali yenyewe hakuja nayo. Nami nikamtajia bei tu, akaenda zake. Tangu siku hiyo, na hili naona haya kukuandikia, nimeacha makusudi kubadilisha maji, nikitumaini mkia uchakae kidogo tu nipate sababu ya kwenda. Nifanyeje, mshauri, na umri huu?

Fundi Mwenye Haya

*

Fundi mpendwa,

Nimecheka, kisha nimekasirika. Huyo samaki amekukosea nini? Maji kwanza, mapenzi baadaye. Inuka sasa hivi, toa robo ya maji ya tangi, jaza maji safi yaliyolala kwenye ndoo usiku kucha, yenye joto lile lile. Usiyabadilishe yote kwa mkupuo, utamshtua. Chakula punguza, kwa sababu kinachobaki kinaoza na kumrudishia maradhi. Pezi lililochanika kidogo hupona kwenye maji masafi, na samaki mzima hatiwi dawa, hata jirani akisema nini. Ukiona wekundu kwenye shina la pezi, au vidoa vyeupe kama punje za chumvi mwilini, hapo nenda ukaulize, na uwe ugonjwa wa kweli.

Sasa wewe. Umri unausingizia bure. Mwanamume anayebeba ndoo mtaa mzima kwa ajili ya samaki asiyeumwa, akaulizia suruali isiyokuwepo, anaumwa ugonjwa wako huo huo. Mmemgeuza Mheshimiwa kuwa mshenga bila kumwomba ridhaa, na nyote wawili ni watu wazima wenye ndimi zenu.

Nenda Jumamosi bila picha yoyote. Akikuuliza hali ya samaki, mwambie, "Mzima. Leo nimekuja kukuona wewe." Kisha nyamaza. Usianze kuzungumzia magamba.

Jibu hili nilimtumia fundi kabla ya kulichapa, na Jumatatu akanipigia simu, anacheka hata maneno hayatoki. Alikwenda. Aliyasema maneno yale yale. Mwenye duka aliweka wavu chini, akafuta mikono kwenye shati, akaenda kufunga mlango mchana kweupe. Kisha akaingia nyuma ya matangi, akatoka na kiti kipya, nailoni yake bado haijabanduliwa.

"Kaa," akamwambia. "Nilikinunua mwezi uliopita, nikaona haya kukukaribisha."