Simu Zetu Ndani ya Sufuria

Nekesa amemaliza sasa hivi kuchukua kipande cha sabuni ya kufulia, akakiweka sikioni, akasema "alo", halafu akakitumbukiza ndani ya sufuria kubwa na kuifunika. Kisha akanigeukia, kidole mdomoni.

"Shiii, mama."

Akanipanda mapajani, na hapo ndipo akaanza kunipa habari zake. Kwa kunong'ona.

Leo ni Jumanne, saa nane mchana. Baridi. Jua limekataa kabisa kutoka, na nepi nilizoanika jana kule juu ya paa bado zina unyevu. Nilicheka, maana alivyokunja uso ni kama mtu mzima mwenye mkutano. Halafu kicheko kikaniishia njiani.

Mtoto wangu hajafika miaka miwili. Maneno yake ukiyahesabu hayamalizi vidole vya mikono na miguu. Na tayari anajua kwamba kabla mtu hajaongea, simu inafichwa.

Amejifunza kwetu.

Sijaandika hapa tangu ile mvua ndefu, na wale mlionizoea mtanisamehe. Blogu hii nilifunguliwa na ndugu yangu Wafula nikiwa na mimba ya Nekesa, baada ya kunikuta naandika nyuma ya kalenda. Akaniambia, "Sista, wewe una maneno mengi, hii kalenda itakwisha kabla ya mwaka." Shule niliachia kidato cha pili, nikajifunza kusuka nywele, na ndiyo kazi yangu mpaka leo, hapa hapa nyumbani, ghorofa ya nne, mtaa wa Tassia. Yeye Wafula ni fundi wa simu. Ana kibanda kando ya barabara, na vidole vyake vinaweza kushika skrubu ndogo ambayo mimi hata kuiona siioni.

Siku hizi anatengeneza simu za watu kutwa nzima, na yake mwenyewe hataki kuigusa.

Ilikuwa hivi. Wafula alienda maandamano. Hakuficha, wala hakuwa na cha kuficha. Alibeba kadibodi na chupa ya maji, akarudi jioni miguu imevimba, akala ugali wangu akalala. Walichokuwa wanauliza ni kodi inaenda wapi kama hospitali hazina dawa. Basi. Wiki mbili baadaye akaanza kuona watu wasiomfahamu wakizunguka kibanda chake, akaingiwa na wasiwasi, akaenda kulala kwa rafiki yake, mtaa wa Makongeni. Hakumwambia mtu. Hata mimi sikujua. Alikuwa na simu tu, mfukoni.

Wakampata asubuhi, akipiga mswaki. Gari halikuwa na namba, na watu wale hawakusema wanatoka wapi.

Alirudi siku ya tatu. Hajaniambia yote na mimi sijamuuliza yote. Lakini hili aliniambia. Walikuwa na karatasi, na kwenye karatasi ile kulikuwa na meseji zake zimepigwa chapa, moja chini ya nyingine. Mmoja akawa anamsomea. Akasoma za maandamano, akasoma za kazi, akafika kwenye ile aliyoniandikia mimi: "Mwambie Nekesa anko anakuja na biskuti ya maziwa." Akaisoma kwa sauti ya kuigiza, akauliza, "Nekesa ndiye nani?"

Wenzake wakacheka.

Jina la mtoto wangu lilitajwa mle ndani. Nikilikumbuka hilo, mikono inaniwasha kama nimekata pilipili.

Tangu siku hiyo Wafula akiingia hapa, kabla hajasalimia, anakusanya simu zote na kuzifunika kwenye sufuria. Nilimuuliza kama kweli sufuria inazuia kitu. Akasema, "Sista, mimi ni fundi, haizuii vile watu wanadhani. Inanizuia mimi kutetemeka."

Nikawa na mimi naziweka, hata asipokuwepo.

Wacha nikiri jambo lingine. Yale niliyokuwa nimeandika hapa zamani, kama mnashangaa yalikokwenda, niliyafuta. Nilifuta yale ya maji yetu ya chumvi, nikafuta yale ya taka, na hata lile la jino la kwanza la Nekesa nikalifuta, kwa sababu lilikuwa na jina lake. Hakuna aliyenipigia. Hakuna aliyebisha mlango.

Nilijifuta mwenyewe.

Na si mimi peke yangu. Zamani mtu akikaa kati ya magoti yangu kusukwa, anaongea kuanzia laini ya kwanza mpaka ya mwisho. Atamsema mumewe, mchungaji, mbunge, mpaka mimi ndiye nasema mama tulia nisikukate. Sasa mtu anafika kwa mbunge, anaikumbuka simu iliyo mkononi mwake, anaigeuza kifudifudi na kusema, "Lakini tumwachie Mungu." Ninasuka kichwa kizima kwa kimya. Nywele zilezile, mafuta yaleyale, ila nyumba imekuwa kama ya kwenda kuona mgonjwa.

Sasa nifike kwa jambo la leo.

Nekesa hajapata sindano ya surua, ile ya pili, ya mwaka na nusu. Mara nne nimempeleka kliniki, mara nne nesi amefungua kitabu, akaangalia, akakifunga taratibu. "Mama, haijaletwa. Rudi mwezi ujao." Simlaumu nesi, macho yake yanaonyesha amechoka kusema hivyo. Hapa kwetu peke yake tuko wamama kumi na mbili tunaorudishwa. Na ghorofa ya kwanza tayari kuna mtoto ametoka vipele na homa, hatujui ni nini, mama yake amefunga pazia.

Hili ndilo linalonikosesha usingizi. Miezi minne tunasema kwa mdomo wetu, pale dirishani pa kliniki, mchana kweupe, kwamba watoto hawana chanjo, na hakuna anayesikia. Lakini meseji ya biskuti, iliyotumwa na anko kwa mpwa wake, ilisikika mpaka ikapigwa chapa.

Masikio wanayo, kumbe. Yameelekezwa kwingine.

Shule yangu ni kidogo, lakini nilidhani kuiambia serikali yako "hapa dawa hakuna" ndiyo kazi ya mwananchi, kama vile kusikia ndiyo kazi yao. Ukianza kuogopa kusema hata hilo, ile kura uliyopanga foleni kuipiga inabaki kazi gani?

Wiki iliyopita tulikutana juu ya paa, kwenye kamba za nguo. Hatukupanga, siku hizi ndiko tunakoongelea, kwa sababu mtu akienda kuanika huacha simu ndani asije akaiangusha. Mama Wambui, jirani yangu wa mlango kwa mlango, ndiye alianza. Huyo ni mtu wa Murang'a, anauza viazi, na sauti yake haijawahi kupimwa.

"Tuandike barua," akasema. "Tuipeleke na watoto mgongoni na vitabu vya kliniki mkononi. Tusimame pale ofisi ya afya mpaka mtu atoke."

"Na nani ataandika?" mmoja akauliza.

"Si huyu Mama Nekesa! Ana mwandiko wa mwalimu."

"Mimi niandike niwe wa kwanza kukujiwa?" nikamjibu, nikijifanya natania.

"Wakukujie wakukute unanuka mafuta ya nywele, watakuachilia wenyewe!"

Tukacheka mpaka vibanio vikaanguka. Mwingine akasema simu yake wakitaka waisikilize tu, watamsikia akigombana na muuza omena mpaka wapandishwe cheo kwa kuvumilia. Tulicheka sana. Kisha tukashuka ngazi, na kila mmoja alipofika mlangoni pake kicheko kikakatika, nikasikia vizuri kabisa.

Barua niliiandika. Ukurasa mmoja, bila tusi, bila kelele. Taabu ikaja kwa majina. Kila mtu alitaka kuandika la pili. "Anza wewe." "Hapana, anza wewe, mimi nina watoto watatu." Karatasi ikazunguka siku mbili ikirudi tupu, mpaka Mama Wambui akaja na sahani ya bati, akaifunika katikati ya karatasi ya pili, akachora duara kwa penseli kuizunguka.

"Haya. Tuandike hapa pembeni, kama tunakula sahani moja. Sasa mtu atuambie nani alianza kunawa."

Nilitaka kumkumbatia. Majina kumi na moja yamezunguka duara hilo, na namba za vitambulisho, na namba za simu. Mengine yamepinda, mengine yamesimama kichwa chini. Wafula alipoiona alitikisa kichwa. "Sista, duara haliwafichi. Namba zenu zote ziko hapo." Najua. Duara hatukulichora kwa ajili yao. Tulilichora ili tuweze kushika kalamu.

Kumebaki nafasi moja. Ni yangu.

Na barua inaondoka leo, saa tisa.

Mama Wambui hakunilazimisha. Alisema tu, "Asiyetaka asiandike, hatutamnunia. Ila wewe wakiuliza nani aliwaandikia, sisi tutasema nini?" Na Baba Nekesa, kabla ya kwenda kiwandani asubuhi, alikaa kitandani akifunga viatu polepole kuliko kawaida. Ndiye aliyezunguka vituo vyote vya polisi akimtafuta Wafula, siku tatu, na nguo za kazi. Hakunikataza. Alisema, "Mama Nekesa, nilitafuta shemeji mpaka nikajua harufu ya kila kaunta. Wewe nikikutafuta, mtoto nitamwachia nani?"

Nilimpa chai yake ndani ya chupa, nikamfunga zipu ya jaketi kama ninavyomfunga Nekesa.

Tangu asubuhi karatasi iko chini ya godoro la mtoto na mimi nimeizunguka nikifanya kila kazi isiyo kazi. Nimeosha vyombo visafi. Nimepanga nyuzi za kusukia kwa rangi. Ningeendelea hivyo mpaka saa tisa ipite, nakiri, kama huyu mtoto asingekuja na sabuni yake.

Shiii, mama.

Alichokuwa ananinong'oneza, mnajua ni nini? "Paka." Alimwona paka kwenye ngazi. Hiyo ndiyo siri yenyewe. Paka amepita, na mwanangu anaona ni jambo la kufunikwa.

Na wewe sasa. Wewe ambaye hukualikwa. Kama upo, na kama kazi uliyopewa ni kusoma vitu vya watu kama sisi, karibu, soma. Sitakutukana. Najua una kwenu, pengine asubuhi umemvalisha mtoto sweta, kichwa kikakataa kuingia. Uliuliza Nekesa ndiye nani, na Wafula hakukujibu. Nakujibu mimi. Ni mtoto wangu. Ana meno kumi na mawili. Anapenda ukoko wa ugali, anaogopa sauti ya ndege zinazoshuka hapa juu yetu, na akilala anashika sikio langu, si lake. Hana sindano ya surua. Hiyo ndiyo habari yake yote, na hiyo ya mwisho ndiyo ungeipigia chapa uwapelekee wakubwa wako.

Ngoja kidogo.

Nimerudi. Nimeandika. Jina langu lote, la ubatizo na la baba yangu, na namba yangu ileile. Kalamu ilikwama kwenye namba ya simu, nikaipulizia pumzi ikatoka. Herufi ya mwisho imepinda, si mwandiko wa mwalimu tena, lakini inasomeka. Duara limejaa.

Naogopa bado. Nilidhani nikishaandika woga utaondoka, haujaondoka, umekaa tu pembeni. Baba Nekesa nimemwachia namba za wamama wote kwenye daftari la kusuka, akihitaji mtu wa kuanzia. Na mtoto nitambeba. Akiwa mgongoni kwangu nasimama vizuri zaidi.

Nimetoa sabuni kwenye sufuria nikairudisha kwenye karai. Nekesa amenitazama kama nimevunja sheria. Nikamwambia, "Sema paka." Akanong'ona. Nikamwambia, "Hapana mama, sema ya kusikika." Ananiangalia tu, anapima kama ni mtego.

Huyo Mama Wambui ameshaanza, yuko kwenye ngazi, plot nzima, ghorofa zote, inamsikia, "Mama Nekesa! Karatasi iko tayari? Toka na huyo msichana, tunachelewa!" Na huyu mtoto amenyakua kifuniko cha sufuria na mwiko, anagonga, anapiga kelele "Paka! Paka! Pakaaa!" mpaka wa mlango wa pili wamechungulia, na mimi nacheka huku nafunga leso, nabonyeza hii iende na jina lake likiwa ndani, silifuti tena, na tukirudi nitawaandikia walichotujibu.