Filimbi ya Kaimenyi

Kawira, uko?

Unajua mwanangu Ardo na wanafunzi wenzake wanatengeneza filamu ya watoto kuhusu vita vya Shifta, vile vya kaskazini mwa Kenya miaka ya sitini. Leo walirekodi mwanzo wake hapa uani: boma la miiba kama yale ambamo askari waliwafungia watu, mwenzake Kaimenyi amevaa koti la askari, anapuliza filimbi watoto waje kuhesabiwa.

Mimi ndiye niliyewaruhusu. Mimi!

Filimbi ikalia, mama mkwe, bibi ambaye watoto wote humwita Ayeyo, akatoka ndani mbio, bila mkongojo. Akaketi mchangani, mikono kichwani.

Kaimenyi akatupa bunduki yake ya mbao. "Ayeyo, ni mimi! Tunaigiza tu!"

Mama mkwe hakumtazama usoni. Akasema, "Tuko wanne, afande. Mdogo wetu amekufa usiku."

Kawira, mdogo yupi? Miaka ishirini na mbili niko kwenye nyumba hii, sijawahi kusikia habari za huyo mtoto. Hata mume wangu hajui.

Nilimwinua, nikampa chai, akanywa.

Kamera ilikuwa inarekodi muda wote. Ardo analia, anauliza, "Mama, nifute?"

Nimemwambia asiguse kitu. Jioni nitaketi na Ayeyo, nimuulize kwanza mtoto huyo aliitwa nani.