Sindano ya Manjano

Habaswein, 7 Mei 2024

Binti yangu Filsan,
Asalaam aleikum. Joto la huko mtaani kwako Waberi linakuachia usingizi? Unakula? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila yule ngamia jike, mmoja tu aliyenibakia baada ya ukame, ana homa inayokwenda na kurudi. Jirani yangu Guleid ameuliza kwenye mtandao wa maswali na majibu. Kabla chai haijapoa, watu watano wamejibu: mdunge ile sindano ya manjano ya ng'ombe. Nimeona nikuulize kwanza wewe wa maktaba. Malishoni hakuna mtandao. Nasoma simu nikija mnadani tu. Tangu mama yako atutoke, ngamia huyu ndiye ninayeongea naye jioni.
Aabo yako, Maow

Garissa, 7 Mei

Aabo mpenzi,
Waaleikum salaam. Ninakula, usijali. Swali lako limenifurahisha hata nikaona haya, maana mgonjwa yupo. Dawati langu la maulizo halina mtu. Vijana huja kuchaji simu na kukaa chini ya feni. Hao watano, nani amewahi kumshika ngamia? Usimdunge bado. Haraka haraka haina baraka. Mnada ujao jibu utalikuta.
Binti yako, Filsan

Habaswein, 14 Mei

Binti yangu,
Salaam. U mzima? Nimeketi hapa tangu asubuhi na simu haina neno lako. Nundu ya ngamia imelala, kula hataki. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Guleid ameshanunua ile dawa, leo tunamdunga. Najua una kazi nyingi.
Aabo yako

Garissa, 16 Mei

Aabo,
Naomba uwe mzima. Kama bado, usimdunge! Dawa ile humponya ng'ombe, lakini huweza kumuua ngamia. Kitabu cha kwanza kilitaja ng'ombe tu, nikaandikia maktaba ya Nairobi, nikangoja jibu hadi leo. Nilitaka niwe na hakika. Daktari wa mifugo anayo dawa ya ngamia. Nimepiga simu mpaka nimechoka. Nijibu.
Binti yako

Habaswein, 21 Mei

Binti yangu,
Amani ya Mungu iwe nawe. Nimesoma leo. Alikufa usiku uleule tuliomdunga. Jibu lako ndilo la kweli, usilie. Wale watano walijibu bila kunijua, wewe ulichelewa kwa kunijali. Si mamoja hayo. Guleid anataka tuiulize simu mzee asiye na mnyama ashinde akifanya nini. Nimekataa. Jioni zimekuwa ndefu, Filsan, na sina wa kuongea naye.
Aabo yako, Maow

Garissa, 21 Mei

Aabo,
Pole, Aabo yangu. Usirudi malishoni leo. Nimefunga dawati, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Nimo ndani ya basi. Nisubiri hapo hapo.
Binti yako